Usiimbe Namba ya Mulango

Wamama wenzangu, kama bwana yako anakuja siku moja na mashini ya kulinda mulango, ile yenye vidude vya namba, soma hii kwanza. Mashini haina kosa. Mimi ninayo, ninaipenda, ninaipanguza vumbi kila asubui. Kosa lilikuwa ndani ya mudomo wangu, na karibu liharibu harusi ya mutoto.

Jina langu ni Djamila, lakini hapa Kasongo kila mutu ananiita Mama Chadia, juu ya mutoto wangu wa kwanza. Bwana yangu Faradji anauza vikwembe, vitambaa vya kuvaa, karibu na soko. Nyuma ya nyumba yetu iko depo ya kuwekea mali, ya tofali, mulango mumoja wa chuma, dirisha hakuna. Mwaka jana wezi waliingia depo ya jirani wakabeba vyote, hata mizani. Tangu pale usingizi ulinitoroka. Majani yakigonga bati, naamuka. Mbuzi akikohoa, naamuka, namwamusha na Faradji ili akasikilize mbuzi pamoja na mimi.

Siku moja akasema, "Mama Chadia, utanimaliza. Nitakununulia kitu cha kukesha pahali pako."

Ndiyo vile alarme ilikuja. Fabrice, tekinisie wa Kabambare, alifika na piki, mashini amebeba mugongoni kama mutoto muchanga. Alipanda juu ya bati akaweka paneli ya jua, akashuka akaweka batri, akafunga sirene nyekundu chini ya paa. Kwenye mulango akabandika sumaku mbili: zikiachana, mashini inajua kama mulango umefunguka. Ndani, kwenye pembe, akaweka jicho linaloona mutu akitembea. Na hatua mbili kutoka mulango, kwenye ukuta, akapigilia kibao cha namba.

Alinisimamisha mbele ya kile kibao kama mwalimu.

"Mama, ukitaka kutoka, andika kode, finya hii yenye picha ya kifuli. Uko na sekonde makumi tatu za kutoka na kufunga. Ukiingia, itaanza kulia ti-ti-ti. Uko na sekonde makumi tatu tena, andika kode, itanyamaza. Ukichelewa ao ukikosea mara tatu, sirene."

"Na sirene inasikika paka wapi?"

"Paka pale mutu anakuwa na haya," akasema, akacheka.

Akaeleza tena kama kode ziko mbili. Ya kila siku iko na namba ine, ya kufunga na kufungua. Ya mukubwa iko na namba sita, ya kubadilisha ile ingine. "Ya kila siku iweke mu kichwa. Ya mukubwa iweke pahali wewe tu unajua."

Ya mukubwa niliandika kwenye kipande cha karatasi nikaifunga ku ncha ya kikwembe changu, vile tunafunga feza ya soko. Nikioga, kikwembe kilitundikwa pale macho yangu yanafika. Hapo sikukosea. Namba ine ndizo zilinishinda.

Faradji alizichagua yeye, sijui alizitoa wapi: saba, mbili, tisa, tano. Nilisoma paka mwaka wa tano wa primere, namba ninazijua, lakini zikiwa kwenye mustari bila kuhesabu kitu, zinanikimbia. Ningeingia depo, ti-ti-ti ingeanza, na kichwa changu kingekuwa cheupe kama unga. Juma la kwanza nilimuita Faradji mara kumi, anatoka butiki mbio na mita ya kupimia vikwembe shingoni.

Basi, siku moja ninatwanga sombe, majani ya muhogo, muchi unashuka, unapanda, na namba zikaingia zenyewe ndani ya muchi. Saba! Mbili! Tisa! Tano! Muchi uko na mipigo ine, namba ziko ine. Nikaongeza: Chadia anaolewa. Wallahi, tangu ile saa sikusahau tena. Ninaingia depo, naimba kidogo, vidole vinakwenda vyenyewe.

Sikuona ubaya. Nani anaona ubaya katika mama anayeimba mbele ya kinu, na mutoto wake iko karibu kuolewa?

Juu Chadia alikuwa anaolewa kweli. Bwana-harusi ni Djamali, mutoto wa watu wa Kabambare, mwenye adabu, mwenye butiki ndogo ya dawa. Familia mbili zilikubaliana kuvaa kikwembe kimoja, cha maua ya kijani. Faradji aliviagiza Goma, vikateremuka paka Kindu, kutoka pale kwa piki na kwa matope. Fundi akashona nguo makumi ine, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kola, na ya Chadia nyeupe juu ya zote. Zote tulitundika ndani ya depo. Hakuna zingine kama zile muji muzima, na njia ile hakuna mutu angeirudia mbele ya Siku ya Posho, siku ya harusi. Zikiibiwa, wakwe watafika kutukuta na nguo za kazi, na Chadia ataolewa na kikwembe cha kuazima. Ndicho nilichokuwa ninaogopa, usiku na muchana.

Wamama wa jirani walikuja kunisaidia kuandaa. Wa kwanza ni Cécilia, Mama Elsa, jirani yangu wa miaka makumi mbili. Yeye anasali misa, mimi ninaswali, na chumvi tunaazimana. Alisikia nikiimba, akashika muchi wake, akaingia.

"Mama Chadia, hizo namba ni za nini?"

Nikadanganya palepale. "Saba ni siku za harusi. Mbili ni bwana na bibi. Tisa ni miezi."

"Miezi ya nini?" akauliza, lakini meno yalikuwa yamekwisha kutoka inje.

"Miezi ya mujukuu wangu!"

Wamama wakapiga vigelegele paka kuku wakaruka. "Na tano?"

"Tano ni sala, mimi ni mwislamu bwana!"

Wakacheka, wakaimba, wakaongeza na makofi. Na mimi, pole yangu, nilifurahi. Nilifikiri nimewazunguka. Nilisahau kama mutu hahitaji kujua namba ni za nini ili aziandike.

Siku ya Ine asubui, siku mbili mbele ya harusi, nilitoka soko na gunia la vitunguu. Faradji alikuwa amekwenda Nyangwe kutafuta samaki wakubwa wa karamu. Nikapanda piki. Mwenye piki ni baba mumoja mwenye kofia ya sufu, anaruka mashimo ya maji vizuri, na anaimba ndani ya pua. Nikasikiliza. Saba, mbili, tisa, tano, Chadia anaolewa.

Nikamupiga begani. "Baba! Wimbo hiyo ulisikia wapi?"

"Mama, wewe unatoka wapi? Hii iko mu muji muzima! Hata Nyangwe wapiga kafi wanaiimba. Iko tamu, ee?"

"Haiko tamu! Simamisha!"

"Tuko katikati ya maji, mama."

"Basi kimbia!"

Nilifika nyumbani nimekumbatia vitunguu kama mutoto mugonjwa. Nikafungua depo, ti-ti-ti, vidole vikaandika, ikanyamaza. Nikahesabu nguo. Makumi ine, na ile nyeupe. Zote ziko. Nikahesabu tena, na mara ya tatu nikizishika mikono ya nguo mumoja mumoja kama ninazisalimia. Halafu nikakaa juu ya gunia. Muji muzima, na muto muzima, unajua kode yangu. Imebakia mutu mumoja tu mwenye akili mbaya afungue kifuli cha mulango na akumbuke wimbo. Kifuli kile, jirani aliyeibiwa alikuwa nacho cha namna moja.

Nikamupigia Fabrice simu. Alijibu kwa sauti ya mutu anayepigwa na upepo.

"Mama, sema haraka. Niko Kabambare, juu ya kichuguu, pahali pengine rezo ya simu haifiki."

"Fabrice, mutoto wangu, kode imetoka inje. Watu wanaiimba."

Akasema polepole, "Mama. Ile ya saba mbili tisa tano? Ile wenye piki walituletea hapa tangu juzi? Wakwe wako wanajifunza ili wafike wakiiimba. Ile ndiyo kode?"

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Mama, nilikuambia uweke mu kichwa!"

"Niliiweka mu kichwa! Ilitokea mudomoni!"

Alicheka paka nikasikia karibu aanguke na kichuguu chake. Halafu akasema, "Tutaibadilisha. Wewe mwenyewe, sasa hivi. Vidole viwili, na roho ya utulivu."

Roho ya utulivu sina tangu kuzaliwa. Lakini Cécilia alikuwa amefika kuuliza sababu nimemwaga vitunguu kwenye mulango. Nikamupa telefone anishikie karibu na sikio, ili nibakie na mikono. Nikafungua ncha ya kikwembe, nikatoa karatasi.

"Cécilia, geuka."

"Nigeuke wapi?"

"Angalia ukuta. Usione namba."

Akaniangalia mimi kwanza. "Mama Chadia. Nilikushika mikono ukizaa watoto wawili. Nimeona yote ambayo mutu anaweza kuona kwa mutu. Leo unanificha namba ine?"

"Geuka, nakuomba."

Akageuka, anakunja uso, mukono mumoja umenyoosha telefone nyuma yake paka sikioni mwangu kama mutu anayelisha twiga.

"Andika kode ya mukubwa," Fabrice akasema. "Polepole. Halafu finya P. Ngoja nikuambie tena. Usifinye kitu kingine."

"Nimefinya."

"Umefinya nini?"

"Ile yenye nyota."

"Mama! Nilisema ungoje!"

Tukaanza upya. Kode ya mukubwa. P. Taa ya manjano ikawaka. Namba mbili, maana ya pili ndiyo inabadilisha kode ya kila siku. Halafu kode mupya, na mara ya pili kode ileile mupya, ili mashini isadiki. Mara ya kwanza niliandika vizuri. Mara ya pili, Mungu wangu, Cécilia akajisahau, mugongo umenigeukia, akaanza kuimba ndani ya meno: saba, mbili... Vidole vyangu vikamufuata. Kibao kikatoa mulio mubaya, taa nyekundu, kikajifunga.

"Imekasirika," nikasema.

"Dakika tano," Fabrice akasema. "Inajifunga dakika tano tu, halafu itakusamehe. Mama, sirene haijalia, hakuna kitu kimeharibika. Na huyu anayeimba pale, munyamazishe."

Rezo ikakatika. Nilikaa dakika tano ninaangalia saa ya telefone, na ndani ya zile dakika nilikwisha kuona wezi, nikaona Chadia analia, nikaona mama wa Djamali anaangalia nguo yangu ya kazi. Cécilia akaniletea maji ndani ya kikombe. "Kunywa. Nitafunga mudomo. Nitauma hiki kitambaa."

Akauma kitambaa kweli. Fabrice akapiga tena, sasa yeye ndiye anahema. Kode ya mukubwa. P. Mbili. Mupya. Mupya tena. Ikalia mulio mumoja murefu, mutamu, kama mutu aliyeridhika na chakula. Taa ya kijani.

"Jaribu," akasema.

Nikafunga na namba mupya, nikatoka, nikaingia, ti-ti-ti, nikaandika. Kimya. Nikaandika ile ya zamani kuona: mulio mubaya. Haijui tena! Nilimukumbatia Cécilia na kitambaa chake mudomoni.

"Mama," Fabrice akasema kwenye telefone, "hizi mupya zisiwe tarehe ya kuzaa, zisiwe namba ya nyumba. Na zisiwe na muziki."

"Hazina muziki."

"Waambie wale tu wanaohitaji kuingia. Faradji, basi."

Hapo ndipo nataka muweke kidole, wamama. Alisema: mwambie Faradji. Nilisema ndiyo. Lakini kwa telefone niliogopa, maana Nyangwe mutu anaongea na simu katikati ya wavuvi, na bwana yangu anarudilia kwa sauti kila kitu anachoambiwa. Nikasema atarudi kesho, nitamwambia sikioni.

Kesho yake jioni alirudi na samaki wa kutosha kulisha jeshi, na nyuma yake wakwe wa Kabambare, piki kumi na moja, matope paka kwenye nyusi, na wote wanaimba. Saba, mbili, tisa, tano! Mama wa Djamali ndiye aliongoza, amekaa upande mumoja wa piki, anapiga makofi bila kushika kitu. Muji muzima uliitika, hata Faradji, bila kufikiri kama ni namba zake. Nilicheka paka machozi, maana sasa ilikuwa wimbo tu. Kila nikimusogelea Faradji, mutu ananiita. "Mama Chadia, chumvi iko wapi?" "Mama Chadia, mikeka haitoshi!" Usiku Faradji akalala kwa jirani pamoja na wageni wanaume. Nikasahau.

Siku ya Posho asubui uwanja wetu ulijaa. Wanaume walikuwa wanajitayarisha kwenda musikiti kufunga ndoa, wanawake wamekaa juu ya mikeka wanangojea niwagawanyie nguo. Mimi nilikuwa namupaka Chadia mafuta mikononi. Faradji, anayependa kuonekana wa kwanza, akachukua ufunguo akaenda depo peke yake kuvaa shati lake la maua ya kijani.

Halafu sirene ikalia.

Kwanza nilifikiri ni moyo wangu. Fabrice hakunidanganya: mbuzi walikata kamba, watoto waliziba masikio, na upande wa soko watu walianza kukimbia kuja. Chadia akasimama na mafuta yake. "Mama! Nguo yangu!"

Tulikimbia wote. Mbele yetu wote alikuwa shangazi ya Djamali, Mama Régina, mwanamuke wa Kabambare anayelima mashamba mawili kwa mikono yake, na aliyefika jana kwa mara ya kwanza, nyuso zetu hajazijua bado. Tulimukuta kwenye mulango wa depo, ameshika mutu kola ya shati, yule mutu vidole vya miguu ndivyo tu vinagusa chini.

"Nimemushika!" anapaaza sauti kushinda sirene. "Mwizi ya nguo za harusi! Anaiba, na anaimba!"

"Mama, mimi ndiye baba ya bibi-harusi!"

"Wezi wote ni baba ya mutu!"

"Mama Régina!" nikapiga kelele. "Umuachie! Huyo ndiye Faradji! Ni bwana yangu!"

Akamuangalia juu paka chini. Akamuteremusha polepole, akamunyoosha kola, akamupanguza bega kama mutu anayerudisha sahani kwenye meza. "Bwana," akasema, "uko mwepesi sana. Ungekula zaidi."

Faradji alinigeukia, jasho linamushuka. "Mama Chadia! Mashini yako imekuwa wazimu! Nimeandika saba mbili tisa tano mara tatu!"

Watu zaidi ya mia walisikia. Niliona macho yao yakianza kuelewa, mumoja mumoja, paka kwa yule baba wa piki mwenye kofia ya sufu, aliyefika na soko nzima. Mama wa Djamali akaweka mukono mudomoni. "Tulitembea njia yote ya Kabambare," akasema, "tunaimba ufunguo ya nyumba ya watu?"

"Niliibadilisha Siku ya Ine," nikasema. "Bwana yangu ndiye sikumwambia."

Kicheko kilichotoka pale kilishinda sirene. Lakini sirene iliendelea, na mutu wa kuinyamazisha ni mimi, na mulango uko wazi, na macho mia yanaangalia kibao. Sijui nguvu niliitoa wapi.

"Wote, geukeni!"

Wakageuka, wamama wenzangu. Wakwe, majirani, watu wa soko, Djamali na kanzu yake nyeupe, Chadia na mafuta yake, Mama Régina amekunja mikono kama askari. Uwanja muzima ulinipa mugongo. Cécilia aliuma kitambaa bila kuambiwa. Nikaingia, nikaandika, mumoja mumoja, bila muziki.

Kimya. Nilisikia hata jogoo.

Nikahesabu nguo. Makumi ine, na ile nyeupe. Nikatoka nayo juu ya mikono yangu, nikamupa Chadia, na vigelegele vya asubui ile sijasikia tena vingine. Faradji alikuja karibu, shati lake bado limepinda. "Na mimi, muke wangu? Mimi bado ni mwizi?"

Nikamuvuta sikio, nikamunong'oneza namba ine. Mama Régina akapiga kelele, "Muwaangalie! Hawa ndio wanaooana leo!" Na ngoma ikaanza palepale kwenye mulango, paka wanaume karibu wachelewe musikiti.

Basi, mumesikia. Musiimbe namba. Mukiibadilisha, mumwambie bwana mbele ya kuwaambia watu chumvi iko wapi. Wimbo bado iko, watoto wanaruka nayo, wanaharusi wengine wanatia majina yao pahali pa Chadia. Ninawaacha. Sombe yangu natwanga kimya siku hizi.

Juma lililopita Chadia alinipigia kutoka Kabambare, anafurahi, anahema, Djamali ameweka alarme kwenye butiki ya dawa, Fabrice ametoka pale sasa hivi. Nyuma yake nilisikia butiki imejaa watu.

"Mama, ili usiwe na wasiwasi, nitakupa kode yetu. Andika. Ya kwanza ni..."

Nikakata telefone.